Kiwanja cha Kilifi, deni la kaka na Sura ya 7: uchambuzi wa kisa cha kufilisika Michigan

Mhusika na madeni yake

Bi. R (herufi si ya jina lake) ni Mkenya mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, na ameishi Michigan zaidi ya miaka sita. Ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, analipwa dola 21 kwa saa, na ana watoto wawili anaowalea peke yake. Maelezo yanayoweza kumtambulisha yameondolewa, na hesabu zimezungushwa kidogo bila kuharibu uwiano wake. Sura ya 7 ni sehemu ya sheria ya kufilisika ya Marekani ambayo kwayo mdaiwa hufutiwa madeni, na msimamizi aliyeteuliwa kwa kesi huchukua mali isiyo na kinga ili wadai walipwe.

Mwishoni mwa mwaka 2023 alifanyiwa upasuaji wakati bima ya kazi mpya ilikuwa bado haijaanza. Wiki 11 hakuingia kazini. Kufikia Agosti 2025 alikuwa anadaiwa hivi: hospitali dola 18,400; kadi nne za mkopo 23,700; mkopo binafsi wa mtandaoni 6,200; na 7,900 zilizobaki baada ya gari lake la zamani kuchukuliwa na kupigwa mnada. Jumla 56,200, zote zisizo na dhamana. Kando yake kulikuwa na mkopo wa masomo ya uuguzi aliyoyaacha katikati, 12,600, na mkopo wa gari analoendesha sasa, 9,800, ambalo sokoni lingeuzwa kama 9,000.

Upande wa mali: akaunti ya benki yenye dola 640, salio dogo la M-Pesa, michango yake katika chama cha akina mama 12 wanaochangiana kwa zamu, na kiwanja cha hamsini kwa mia huko Kilifi, alichonunua mwaka 2016 kwa shilingi 450,000. Hati miliki ina jina lake la kabla ya ndoa.

Mambo yalivyokwenda kabla ya wakili

Kuanzia Juni 2024 alijiunga na kampuni ya kupatanisha madeni. Maelekezo yake yalikuwa aache kulipa kadi, aweke dola 380 kila mwezi kwenye akaunti yao, na wao watazungumza na wadai. Baada ya miezi tisa alikuwa ameweka 3,420. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye ada, na hakuna deni kubwa hata moja lililoguswa. Riba na faini za kuchelewa ziliendelea kupanda kwenye kadi zote nne.

Machi 2025 alipata marejesho ya kodi. Siku hiyohiyo alimtumia kaka yake, anayeishi Texas, dola 3,000 ambazo kaka huyo alikuwa amemkopesha wakati wa upasuaji. Kwa mila zetu hilo ndilo deni linalolipwa kwanza. Kwa sheria ya kufilisika ya Marekani ndilo lililoleta usumbufu mkubwa kuliko mengine yote, kama itakavyoonekana.

Aprili ilifika samansi. Kampuni moja ilikuwa imenunua deni la kadi lenye thamani ya dola 5,840 na kumshtaki. Alidhani wale wapatanishi watajibu, akaiweka kabatini. Michigan, aliyekabidhiwa samansi mkononi ana siku 21 za kujibu. Hakujibu, hukumu ya upande mmoja ikatoka Juni, na mwezi uliofuata mwajiri akaamriwa kukata mshahara. Hesabu yake ni rahisi: kwa wiki mbili anapata 1,680 kabla ya makato, kama 1,420 baada ya makato ya lazima, na sheria ya shirikisho inaruhusu mdai wa kawaida achukue hadi asilimia 25 ya hiyo. Dola 355 kila malipo. Kodi ya nyumba ya Agosti ilichelewa.

Hapo ndipo akapata ushauri wa aina mbili. Wa kwanza ulitoka kwa mtu wa jumuiya anayejaza fomu za uhamiaji na za kodi, aliyesema anaweza kumjazia na za kufilisika kwa dola 400. Kuhusu kiwanja alimwambia, “Dada, kiko Kilifi, nani atajua?” Wa pili ulitoka kwa wakili wa mji wake anayeshughulikia mambo ya kufilisika tu, ambaye kikao cha kwanza hakitozi.

Kikao cha kwanza, na cha pili

Kikao cha kwanza nusura kiharibu kila kitu. Bi. R alikwenda na binti yake wa miaka 15 amtafsirie. Mbele ya mtoto hakutaja kiwanja wala pesa za kaka, na wakili aliondoka na picha ya mtu asiye na kitu. Kilichomshtua wakili ni taarifa za benki za miezi sita: muamala mmoja wa 3,000 kwenda kwa mtu mwenye jina la ukoo lilelile, na 150 kila mwezi kwenda Kenya. Akaomba kikao kingine, safari hii na mkalimani wa simu na bila mtoto. Yote yakatoka ndani ya dakika 40.

Mtoto hapaswi kutumika kwa kazi hii. Mzazi haongei madeni yake waziwazi mbele ya mwanawe, na fomu hizi husainiwa chini ya adhabu ya kusema uongo mahakamani.

Maamuzi manne na sababu zake

*Kiwanja kiorodheshwe.* Jedwali la mali linataka kila kitu popote kilipo duniani. Kuficha mali kunaweza kumnyima mdaiwa kufutiwa madeni, na ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 5. Kwa asiye raia, kosa kama hilo linaweza pia kuharibu maombi ya uraia, ilhali kufilisika kwenyewe si kizuizi cha uraia. Tena mali isiyoorodheshwa haitoki mikononi mwa msimamizi hata kesi ikifungwa. Akiigundua miaka baadaye, kesi inaweza kufunguliwa upya.

Lakini hoja iliyomgeusha Bi. R haikuwa ya kutishwa. Kinga ya mali, yaani haki ya kubaki na mali bila msimamizi kuichukua, hupewa kile ulichokitaja tu. Michigan inamruhusu mdaiwa achague kati ya orodha ya kinga za jimbo na ya shirikisho, mradi ameishi jimboni siku 730 kabla ya kufungua. Katika orodha ya shirikisho, asiye na nyumba anapata kinga ya jumla anayoweza kuiweka juu ya mali yoyote: kwa kesi zilizofunguliwa tangu 1 Aprili 2025 ni dola 1,675, pamoja na hadi 15,800 za kinga ya nyumba ambayo hakuitumia. Jumla 17,475.

Wakili aliomba barua ya mthamini aliyesajiliwa Kenya, nakala ya hati miliki, na cheti cha ndoa kueleza tofauti ya majina. Thamani ilikuja shilingi 900,000, yaani karibu dola 7,000. Kisha akapanga:

- Kiwanja: 7,000
- Benki: 640
- Sehemu ya marejesho ya kodi ya mwaka huo (miezi 8 kati ya 12 ya makadirio ya 6,450): 4,300
- Michango ya chama, miezi 7 kwa dola 300: 2,100

Hiyo ni 14,040, na zinabaki zaidi ya 3,400. Kwa hiyo kiwanja ambacho angeshauriwa kukificha kilikuwa salama tangu mwanzo, mradi kiandikwe.

Chama kinastahili neno. Fomu haina mstari wa “chama”, na wengi huruka kwa sababu hiyo. Aliyechangia na hajapokea zamu ana haki ya kudai, na haki hiyo ni mali. Wakili alichukua picha za daftari la mweka hazina zinazoonyesha miezi na zamu, akaziambatanisha kwenye faili lake.

*Sura ya 7, si ya 13.* Kipimo cha kipato hakikuwa tatizo. Huchukua wastani wa miezi sita kamili ya kalenda kabla ya kufungua, kinazidishwa hadi mwaka mzima na kulinganishwa na kipato cha kati cha jimbo kwa kaya ya ukubwa huo. Hata pamoja na zamu za ziada alikuwa chini kwa mbali.

Bi. R mwenyewe ndiye aliyetaka Sura ya 13, kwa sababu moja: kumlinda kaka, ambaye msimamizi angeweza kumdai zile 3,000 alizolipwa Machi. Katika Sura ya 13 mdaiwa hulipa kwa mpango wa miaka 3 hadi 5, na badala ya msimamizi kumfuata kaka, yeye mwenyewe angehakikisha wadai wanapata angalau kile ambacho wangepata kwenye Sura ya 7. Wakili alimfanyia hesabu mezani. Kiasi hicho kingekuwa karibu 3,000, kama dola 85 kwa mwezi kwa miezi 36. Juu yake kuna ada ya wakili ambayo kwa Sura ya 13 huwa zaidi ya mara mbili ya ile ya Sura ya 7, na makato ya msimamizi. Bajeti yake, baada ya kodi ya nyumba, gari, chakula na 150 za mama, ilikuwa inabakiza dola 70. Mpango ungevunjika mwezi wa kwanza mtoto akiugua.

*Kufungua sasa au kusubiri.* Hapa ndipo penye uzito wa kisa hiki. Malipo kwa mdai wa kawaida huangaliwa siku 90 nyuma. Kwa ndugu huangaliwa mwaka mzima. Msimamizi anaweza kudai fedha hizo zirudi ili zigawanywe kwa wadai wote. Kaka alilipwa Machi 2025, kwa hiyo kusubiri hadi katikati ya Machi 2026 kungemtoa hatarini kabisa.

Bei ya kusubiri: malipo 13 ya mshahara, kila moja likikatwa 355. Dola 4,615, kumwokoa kaka na dai la 3,000. Mwishoni, mdai mmoja angekuwa amelipwa karibu deni lote, na wale wa kadi tatu nyingine wangekuwa na muda wa kutosha kushtaki nao. Wakili alipendekeza wafungue mara moja na kumwambia kaka ukweli kabla hajapokea barua ya mtu asiyemjua.

Bi. R alimpigia. Kaka alikasirika, kwa siku mbili hakupokea simu. Kilichomtuliza ni maelezo kwamba baada ya kufungua kesi, hakuna sheria inayomzuia dada kumrudishia kwa hiari kutoka mishahara yake mipya chochote kitakachochukuliwa na msimamizi. Wakili aliweka wazi pia kwamba yeye ni wakili wa Bi. R tu, na kaka akitaka ushauri atafute wake.

*Gari.* Mkopeshaji alituma mkataba wa kukiri deni upya. Ukisaini, deni linabaki lako hata madeni mengine yakifutwa. Gari likichukuliwa mwakani, utafuatwa kwa salio, jambo ambalo Bi. R alikuwa ameshalipitia mara moja. Usiposaini, mkopeshaji anaweza kulitwaa hata kama hujachelewa, ingawa wengi hawana haja nalo wanapolipwa kwa wakati. Kwa gari lenye deni kubwa kuliko thamani yake, wakili alishauri kusaini endapo tu riba itapunguzwa. Mkopeshaji alikataa, Bi. R hakusaini, na gari bado analo. Uamuzi huu una hatari. Kwa mtu ambaye bila gari hana kazi, mawakili wengine wangeshauri kinyume, na si bila sababu.

Kufungua kesi

Gharama: ada ya wakili 1,500, ada ya mahakama 338, na somo la ushauri wa mikopo ambalo lazima lifanywe ndani ya siku 180 kabla ya kufungua, kwa shirika lililoidhinishwa. Ada ya wakili kwenye Sura ya 7 hulipwa kabla, kwa kuwa salio lake nalo lingefutwa kama madeni mengine. Alilipa kwa mafungu mawili kwa zamu za ziada za Agosti. Alionywa asichukue fedha taslimu kwenye kadi kulipia: pesa ya kadi iliyotolewa ndani ya siku 70 ikizidi 1,250 huchukuliwa kuwa ni udanganyifu hadi ithibitishwe vinginevyo.

Kujaza ndiko kulikochukua muda. Majina yote aliyotumia miaka 8. Zawadi na misaada iliyozidi dola 600 kwa mtu mmoja ndani ya miaka 2: mama alikuwa amepokea 3,600, ikaandikwa na taarifa za programu ya kutuma pesa zikaambatanishwa. Michango ya misiba na harusi ilikaguliwa mmojammoja, hakuna uliofika 600. Hizo 150 za mama ziliwekwa pia kwenye jedwali la matumizi ya kila mwezi, kwenye mstari wa kusaidia watu wasioishi nawe. Mstari huo upo. Hakuna haja ya kuzificha chini ya “chakula”.

Kesi ilifunguliwa kielektroniki wiki ya pili ya Septemba 2025. Zuio la kudai, linalowakataza wadai kuendelea kudai au kukata mshahara, lilianza dakika hiyo. Notisi ilipelekwa kwa faksi siku hiyohiyo kwa wakili wa mdai na kwa idara ya mishahara. Hata hivyo, mishahara ilikuwa imeshaandaliwa na 355 nyingine zikakatwa; zilirudishwa kwenye malipo yaliyofuata baada ya simu mbili. Kosa hili hutokea zaidi pale notisi inapokwenda kwa mdai pekee.

Mkutano na msimamizi

Mkutano wa wadai hupangwa kati ya siku 21 na 40 baada ya kufungua, na sasa hufanyika kwa Zoom. Wakili aliomba mapema mkalimani wa Kiswahili, anayetolewa bure. Bi. R alikaa ofisini kwa wakili akiwa na leseni ya udereva na kadi ya hifadhi ya jamii. Fomu ya kodi ilikuwa imetumwa siku 7 kabla. Hakuna mdai aliyetokea.

Maswali ya kawaida yaliisha haraka. Kisha: “Una mali yoyote nje ya Marekani?” Akajibu, “Ndiyo, kiwanja Kilifi, kimeandikwa.” Msimamizi akaomba barua ya mthamini, akaisoma, akauliza kama kuna mtu anayelipa kodi ya kukitumia. Hakuna. Akahamia kwa kaka: kiasi, tarehe, anwani. Dakika 12 kwa jumla.

Matokeo

Desemba amri ya kufuta madeni ilitoka: 56,200 zote. Mkopo wa masomo ulibaki. Kuufuta kungehitaji shauri la pekee ndani ya kesi, na wakili aliona kipato chake kinafaa zaidi mpango wa kulipa kulingana na mapato.

Kabla ya hapo kulikuwa na hofu moja ya bure. Somo la pili, la usimamizi wa fedha, hufanywa baada ya kufungua na cheti chake huwasilishwa ndani ya siku 60 tangu tarehe ya kwanza iliyopangiwa mkutano. Bi. R alidhani lile la kwanza lilitosha. Karani wa wakili alimkumbusha ikiwa imebaki wiki moja. Bila cheti hicho, kesi ingefungwa bila kufutiwa deni hata moja, na kuifungua tena kungedai ada nyingine.

Kaka alielewana na msimamizi kulipa 1,900 kwa mafungu matano. Msimamizi alikubali pungufu kwa kuwa kushtaki Texas kungegharimu, na ujira wake kwenye fedha ndogo hivi ni hadi asilimia 25. Wadai waliowasilisha madai waligawana kilichobaki, senti chache kwa kila dola.

Na kulikuwa na pesa iliyorudi. Makato matano ya mshahara kabla ya kufungua, 1,775, yote yaliangukia ndani ya siku 90 na kuzidi 600, kiwango ambacho malipo kwa mdai yakiwa chini yake hayarudishwi. Msimamizi hakuyataka kwa sababu wakili alikuwa ameyafunika na kinga ya jumla iliyobaki, hivyo mdai akaandikiwa na akayarudisha kwa mdaiwa mwenyewe. Wanaojaza fomu bila wakili mara nyingi hawajui kwamba fedha hizi zinaweza kudaiwa.

Kilichofaa na kilichokwama

Kilichofaa zaidi ni mpangilio wa tarehe: kufungua wakati makato bado yako ndani ya siku 90, na wakati kinga ya jumla bado inatosha kufunika mambo matano kwa mpigo. Angefungua Desemba, sehemu ya marejesho ya kodi ingepanda hadi karibu yote 6,450, na nafasi ya kufunika makato ingebana.

Kilichokwama kilianza mapema. Dola 3,420 za wapatanishi zingelipa wakili na mahakama karibu mara mbili. Samansi ingejibiwa, hata kwa ukurasa mmoja wa kukana kiasi kinachodaiwa, hukumu isingetoka ndani ya wiki chache. Na 3,000 za kaka: angekuja kwa wakili Februari badala ya Agosti, marejesho ya kodi yangetumika kwa kodi ya nyumba, matengenezo ya gari na ada ya kesi, yote halali, na kaka angelipwa polepole baada ya amri kutoka bila mtu wa tatu kuingia kati.

Chama hakikuguswa, kwa kuwa zamu yake ilikuwa bado na wenzake hawakuwa wadai wake. Angekuwa ameshapokea 3,600 zake na bado anadaiwa miezi iliyobaki, mweka hazina angelazimika kuorodheshwa, na bahasha ya mahakama ingefika nyumbani kwake. Angeruhusiwa kuendelea kuchangia kwa hiari, lakini kikao cha mwezi huo kingehitaji maelezo, na heri wenzake wayasikie kutoka kwake kabla ya bahasha.